Paka si mtoto, mbwa si ng'ombe: makosa tunayoyafanya wafugaji wa Arusha na Moshi

Mleta mada (Sakina, Arusha)

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mwezi Juni mwaka jana, katika ile wiki ambayo baridi ya Arusha huwafanya watu walale na masweta, paka wangu aliacha kula na mwili wake ukawa wa moto. Nilimhurumia kama ninavyomhurumia mwanangu anapopata homa, na nikamfanyia kile ambacho ningemfanyia mwanangu: nilikata kidonge cha panadoli, nikasaga nusu yake, nikaichanganya na supu ya samaki na kumnywesha. Ilipofika jioni fizi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo, uso ulikuwa umevimba, na alikuwa akihema kwa shida. Kabla ya kupambazuka alikufa mikononi mwangu. Daktari wa mifugo niliyemsimulia habari hiyo hakunilaumu, bali aliniuliza swali ambalo sijalisahau: nani aliniambia kwamba ini la paka hufanya kazi kama ini la mtu?

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya swali hilo. Kila nikisikiliza visa vya majirani zangu hapa Sakina, na vya ndugu zangu walioko Moshi, naona kwamba wanyama wetu wengi hawafi kwa sababu tunawachukia. Wanakufa kwa sababu tunawapimia kwa kipimo cha kiumbe mwingine: paka tunampimia kwa mtoto, mbwa tunampimia kwa ng'ombe, na mtoto wa mbwa tunampimia kwa mama yake.

Nianze na paka, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha. Ini la mtu huondoa parasetamoli, yaani dawa iliyomo katika panadoli, mwilini kwa kuifunga na kemikali fulani ili itoke katika mkojo bila madhara. Paka ana upungufu mkubwa wa kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, kwa hiyo dawa hugeuka sumu inayoharibu ini na kuzifanya chembe nyekundu za damu zishindwe kubeba hewa. Ndiyo maana fizi hubadilika rangi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima, na hata robo yake inaweza kumwangusha. Ipo dawa ya kuizimua sumu hiyo, lakini hufaa ikiwa mnyama atafikishwa kwa daktari mapema, ndani ya saa chache, wala si baada ya kumlaza karibu na jiko ukisubiri apate nafuu kama nilivyofanya mimi. Mbwa huivumilia parasetamoli kidogo zaidi, lakini naye asipewe bila kipimo cha daktari. Na zile dawa za maumivu tulizozizoea, yaani diklofenaki na ibuprofeni, humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo kwa kiasi ambacho mtu mzima hukimeza bila kuhisi lolote.

Upungufu huohuo wa ini la paka ndio unaoeleza kosa jingine ambalo limeenea sana kwetu. Mkoa wetu ni wa mifugo. Karibu kila nyumba ya Ngaramtoni, Usa River au Tengeru ina chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na masika yanapoanza mwezi Machi, kupe wanapozidi, chupa ile hutolewa stoo na kila mwenye manyoya hupata haki yake. Dawa nyingi za kupe zina permethrini au ndugu zake, na paka anayepakwa dawa ya namna hiyo, au hata anayelala akijibanza kwa mbwa aliyetoka kupakwa, huanza kutetemeka masikio, kisha mwili mzima, kisha degedege. Nimeshuhudia paka wa jirani akipita katika hali hiyo usiku kucha. Ikitokea, mwogeshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mfunge kwenye taulo asipoteze joto, na umkimbize kwa daktari.

Naomba kila mwenye kisa chake akiandike hapa, na mwenye elimu kuliko mimi anisahihishe.

Mchangiaji (Njiro, Arusha)

Mleta mada, pole sana kwa kumpoteza paka wako, na asante kwa ujasiri wa kulisema. Nina swali. Mbwa wangu aliwahi kuugua ukurutu mbaya, manyoya yakapukutika usoni na miguuni, na daktari mwenyewe ndiye aliyeagiza aogeshwe kwa amitrazi, ambayo ni dawa ileile inayouzwa kwa ajili ya majosho. Alipona. Je, tuseme daktari alikosea?

Mleta mada

Hapana, hakukosea, na nashukuru umeuliza ili nisieleweke vibaya. Amitrazi ni tiba inayotambulika ya ukurutu unaosababishwa na wadudu wanaojificha ndani ya vinyweleo vya mbwa. Kilichomwokoa mbwa wako ni kipimo. Daktari alijua uzito wake, akajua dawa ichanganywe na maji kiasi gani, na bila shaka alikwambia umzuie asijilambe mpaka akauke. Nyumbani tunapima kwa kizibo cha chupa, tunaongeza kidogo kwa kuwa kupe ni wengi, kisha tunamwachia mbwa ajikaushe kwa ulimi. Mbwa aliyezidishiwa amitrazi hulegea kama mlevi, moyo humpungua kasi, na mwili hupoa. Paka, na pia watoto wa mbwa, wasiguswe na dawa hiyo kabisa.

Jambo jingine kuhusu kupe: usimchome kwa kiberiti wala kummwagia mafuta ya taa akiwa bado amegandia ngozi. Mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumzungusha, kisha umtie kwenye spiriti. Na ukiona mbwa aliyekuwa na kupe amekuwa mnyonge, fizi zimepauka, anatokwa na damu puani, au mkojo wake una rangi ya kahawa, usingoje. Hayo ni magonjwa ya damu yanayoletwa na kupe, na yanatibika damu ikipimwa mapema.

Mchangiaji (Pasua, Moshi)

Mimi nina uchungu ambao sijaupatia maelezo. Mwezi Novemba nilinunua watoto watatu wa mbwa wenye umri wa wiki saba. Aliyeniuzia alinionyesha kadi iliyogongwa muhuri na kuniambia kwamba wamechanjwa. Baada ya siku kumi wa kwanza alianza kutapika, akaharisha damu yenye harufu ambayo sitaisahau, na ndani ya siku sita wote watatu walikuwa wamekufa. Waliniambia ni parvo. Sasa kama walichanjwa, chanjo ilifanya kazi gani? Nilihisi nimedanganywa, na mpaka leo uwanja wangu uko mtupu.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Pasua, pole sana. Huenda hukudanganywa, na hapa ndipo penye kosa ambalo nadhani linaua watoto wa mbwa wengi kuliko mengine yote katika miji yetu miwili.

Kwanza, kadi iliyogongwa muhuri haisemi mengi mpaka uisome. Wafugaji wengi huamini kwamba chanjo ni moja. Sindano ya kichaa cha mbwa humkinga mbwa na kichaa peke yake. Parvo na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, zina chanjo yao nyingine, ile ya mseto, na mbwa anaweza kuwa na kadi nzuri ya kichaa huku akiwa hana kinga yoyote dhidi ya parvo.

Pili, hata kama walipata ile ya mseto, dozi moja katika wiki ya sita au ya saba haitoshi, na sababu yake ni ya kuvutia. Mtoto wa mbwa hupokea kinga kutoka kwa mama kupitia maziwa ya siku za kwanza. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huipiga vita chanjo, kwa sababu haiwezi kutofautisha kirusi cha chanjo na kirusi cha ugonjwa. Kadiri wiki zinavyopita kinga ya mama hupungua, na hufika siku ambayo imepungua kiasi cha kutoweza kumlinda mtoto na parvo, lakini bado ina nguvu ya kuizima chanjo. Hakuna anayeweza kuitambua siku hiyo kwa macho, kwani hutofautiana hata kati ya ndugu waliozaliwa tumbo moja. Ndiyo sababu madaktari huanza kuchanja katika wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudia kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Dozi ya mwisho ndiyo yenye uzito, na ndiyo ambayo wengi wetu huiacha kwa kuwa mtoto anaonekana mnene na mchangamfu.

Tatu, na hili nalisema kwa msisitizo, chanjo ya mseto ina virusi hai waliodhoofishwa, na virusi hao hufa kwa joto. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani mpaka mkononi mwa anayechoma. Chupa iliyonunuliwa dukani asubuhi, ikakaa mfukoni mwa dereva wa bodaboda katika jua la Moshi la mwezi Januari, ikachomwa saa nane mchana, inaweza kuwa maji tu. Kwa hiyo uliza chanjo imehifadhiwa wapi, na mchoma sindano akija na chupa mkononi bila chombo chenye barafu, mkatalie kwa heshima.

Parvo yenyewe ni ugonjwa mpya ukilinganisha na mengine. Ulitambuliwa mwaka 1978, na ndani ya miaka michache ulikuwa umeenea duniani kote. Kirusi chake ni kigumu mno, na kinaweza kukaa kwenye udongo kwa mwaka mzima. Kwa hiyo mbwa hana haja ya kukutana na mbwa mgonjwa ili augue. Viatu vyako vikitoka sokoni Mbuyuni vinatosha.

Mchangiaji (Tengeru, afisa mifugo mstaafu)

Vijana, nimesoma yote mpaka hapa na nimefurahi. Nilifanya kazi ya mifugo kwa miaka mingi katika wilaya za Arusha na Manyara, kwa hiyo naomba mniruhusu nizungumze kirefu kuhusu kichaa cha mbwa, kwa sababu hapo kosa la mfugaji halimuui mbwa peke yake.

Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, karibu wote wakiwa Afrika na Asia. Katika visa vya binadamu, mbwa ndiye chanzo kwa takriban asilimia 99. Wanaoumwa na mbwa wenye ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15 kwa karibu asilimia 40, kwa kuwa watoto ndio wanaocheza na mbwa, na mara nyingi mtoto akiumwa huficha asije akachapwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, kifo ni karibu hakika. Nimemwona kijana mmoja katika hali hiyo, akiyaogopa maji aliyokuwa akiyalilia, na sitaki mzazi yeyote auone usiku ule.

Makosa ninayokutana nayo ni haya. Mtu akiumwa, hupaka pilipili au mafuta ya taa kwenye jeraha, kisha hungoja aone kama mbwa atakufa. Kinachotakiwa ni kuosha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili huku ukiangalia saa, halafu kwenda hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo, na kumaliza dozi zote kwa tarehe atakazopangiwa. Sabuni huvunja utando wa kirusi. Hilo si jambo dogo, linaokoa maisha. Kosa la pili ni kumuua mbwa aliyeuma na kumtupa korongoni. Kama anaweza kufungiwa mahali salama bila kumgusa, afungiwe na afisa mifugo aitwe, kwa sababu mbwa au paka ambaye baada ya siku 10 bado yuko hai na mzima hakuwa akitoa kirusi katika mate yake siku ile alipouma, na taarifa hiyo humsaidia daktari wa binadamu kuamua. Lakini kungoja siku hizo kusimcheleweshe mtu kuanza chanjo. Kama mbwa ameshakufa, kichwa kinahitajika kwa vipimo, hivyo msikichome moto.

Kosa la tatu ni la wale wanaosema mbwa wao hatoki nje ya geti, kwa hiyo hahitaji chanjo. Bweha, nguchiro na paka wa jirani hawagongi geti. Ili ugonjwa uzimike katika eneo, mbwa wasiopungua asilimia 70 wanatakiwa kuwa wamechanjwa, na mbwa wako wa ndani ya geti anahesabika katika hiyo 70. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, na hurudiwa baada ya mwaka. Kila mwaka ifikapo tarehe 28 Septemba, siku ya kimataifa ya kichaa cha mbwa, kwa kawaida huwa kuna kampeni za uchanjaji katika kata mbalimbali. Ulizeni katika ofisi za kata zenu mapema.

Nawakumbusha pia wale wanaodhani kwamba ugonjwa wa mbwa wa mjini ni habari ya mjini tu. Mwaka 1994 distempa iliingia kwa simba wa Serengeti, na takriban theluthi moja ya simba wale, yaani karibu 1,000, walikufa au kutoweka. Kirusi kilichowaua kilihusishwa na mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Tunaoishi kwa utalii hapa Arusha tuna deni katika jambo hilo.

Mchangiaji (Njiro, Arusha)

Shikamoo mzee wetu. Umenifungua macho. Ningependa kukuuliza kuhusu machinjio, maana mtaani kwetu watu huwapa mbwa mapafu na maini yaliyotupwa, yakiwa mabichi.

Mchangiaji (Tengeru, afisa mifugo mstaafu)

Marahaba mwanangu. Hilo liacheni leo. Maini na mapafu hutupwa na mkaguzi mara nyingi kwa sababu yana malengelenge ya maji, na ndani ya malengelenge hayo mna vichwa vya minyoo tegu. Mbwa akila kibichi, minyoo hukomaa tumboni mwake, naye hutoa mayai pamoja na kinyesi. Mtoto akimpapasa mbwa huyo kisha akala bila kunawa, mayai huingia kwake na malengelenge huota kwenye ini au pafu lake, polepole, kwa miaka. Wafugaji wa Monduli na Ngorongoro wanaufahamu ugonjwa huu kwa uchungu, na tiba yake mara nyingi ni upasuaji. Kile kilichotupwa kizikwe au kichemshwe sana. Na mbwa wapewe dawa ya minyoo inayoua tegu, kwa sababu vidonge vingine vya bei nafuu huua minyoo ya mviringo peke yake na tegu akabaki ametulia. Watoto wa mbwa waanze dawa wakiwa na wiki mbili, kwani huzaliwa wakiwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama.

Mchangiaji (Sekei, Arusha)

Nami nina neno, na naomba nisishambuliwe. Mimi nina mbwa wanne wa ulinzi. Mchana hukaa bandani, usiku huachiliwa. Hawazoeshwi watu, kwa sababu mbwa anayemchekea kila mgeni hafai kulinda, na hapa mtaani tumeibiwa mara nyingi. Naona wengi siku hizi wanatuita wakatili.

Mleta mada

Kaka wa Sekei, hakuna atakayekushambulia. Usalama wa familia si jambo la kubezwa. Lakini nadhani tumerithi imani isiyo sahihi, nami pia niliishi nayo kwa muda mrefu. Mbwa aliyefungiwa bandani kutwa bila kuzoeshwa hawi mlinzi, anakuwa mwoga. Na mbwa mwoga huuma yule aliye karibu, ambaye mara nyingi ni mtoto wa nyumbani au dada wa kazi anayempelekea chakula. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake, mbwa hujifunza nani na nini ni vya kawaida duniani. Akiupitisha muda huo katika giza la banda, kila kitu kwake huwa adui baadaye, na hawezi kumtofautisha mwizi na fundi wa umeme. Mbwa anayewajua watu wa nyumbani na kuupenda uwanja wake ndiye anayebweka kwa maana. Mtembeze jioni, banda liwe na kivuli na maji, apate nafasi ya kusimama na kugeuka, na kama ni lazima afungwe mnyororo uwe wa muda mfupi. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa mbele yake.

Mchangiaji (Sekei, Arusha)

Nimekuelewa. Suala la fundi wa umeme limenigusa, kwa sababu limewahi kutokea kwangu, na nililipa matibabu yake. Nitaanza na yule mdogo kuliko wote, ana wiki tisa.

Mchangiaji (Kiboriloni, Moshi)

Wapendwa, hamjazungumzia chakula. Mimi ni mama wa nyumbani na nimefuga mbwa tangu ujana wangu. Mwaka juzi tulikuwa na gunia la mahindi lililolowa mvua likaota ukungu. Kwa kuwa hayakufaa kwa watu, tuliyasaga kwa ajili ya mbwa. Baada ya wiki chache mbwa wetu mkubwa aligoma kula, macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji, akafa. Sikujua kwamba ukungu ule ungeweza kumdhuru mbwa.

Mleta mada

Mama, pole sana, na asante, maana hili linafanyika katika nyumba nyingi na hakuna anayelisema. Ukungu wa mahindi na karanga hutengeneza sumukuvu, ambayo huua ini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo si habari ngeni kwetu. Tunachosahau ni kwamba mbwa ni mwepesi kudhurika nayo pia, na kuyapika mahindi hayo kuwa ugali hakuondoi sumu. Mahindi yasiyomfaa mtu hayamfai mbwa.

Kuhusu mabaki ya mezani: machalari (ndizi zilizopikwa na nyama) na mchuzi wowote uliopikwa kwa vitunguu, hata kama vimeyeyuka, huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa na zaidi za paka. Sahani moja huenda isionyeshe kitu, lakini kila siku ni hatari. Mifupa ya kuku na ya nyama choma iliyopikwa hupasuka ikawa ncha kama sindano. Ukitaka kumlisha mbwa kwa gharama ndogo, pika dona safi na dagaa au nyama, bila kitunguu, chumvi kidogo sana, na uongeze mboga iliyochemshwa.

Paka ni habari nyingine kabisa. Yeye hawezi kuishi kwa ugali na maziwa. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, na taurini hupatikana kwenye nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu moyo hulegea na macho hupofuka. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi waliokomaa. Apewe nyama, dagaa waliochemshwa, na maji safi.

Mchangiaji (Marangu)

Nami niongeze kwa ufupi kuhusu sungura, kwa kuwa watoto wengi huku kwetu wanawafuga. Msiwakatie majani ya mparachichi. Tuna miparachichi kila kona na inashawishi, lakini majani yake na ganda la tunda yana sumu inayodhuru moyo wa sungura, wa mbuzi na wa ndege. Nilipoteza sungura watano kwa mkupuo mmoja.

Mchangiaji (Usa River)

Naomba pia tuzungumzie uzazi. Kila baada ya miezi michache naokota katoni la watoto wa mbwa kando ya barabara kuu, wengine macho hayajafunguka. Jike hupata joto mara mbili kwa mwaka hivi, hubeba mimba kwa siku 63, na paka huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, yaani wakati bado tunamwita mtoto. Wengi hungoja jike azae mara moja "ili awe na afya", imani ambayo haina msingi. Jike asiyefungwa kizazi yuko katika hatari ya kupata usaha katika mji wa mimba, ugonjwa unaoua haraka. Na mbwa wanaozurura huambukizana uvimbe wa sehemu za siri, ule unaofanana na koliflawa na kutoa damu. Watu huwaua mbwa hao wakidhani wameoza, wakati uvimbe huo hutibika kwa sindano za wiki kadhaa. Gharama ya kufunga kizazi huumiza mara moja tu.

Mchangiaji (Pasua, Moshi)

Mleta mada, nimeisoma mada yote mara mbili. Swali langu la mwisho: nikitaka kufuga tena, nisubiri muda gani, na uwanja wangu niufanye nini?

Mleta mada

Sehemu ya saruji ioshe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, kisha mwagia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, uiache dakika 10 kabla ya kusuuza. Uchafu ukibaki, klorini haifanyi kazi. Bakuli za plastiki zilizochubuka, matandiko na mbao za banda zitupe. Udongo hauwezi kuusafisha kwa njia hiyo. Jua kali husaidia, kwa hiyo fyeka nyasi na upunguze kivuli, lakini uuhesabu kuwa na kirusi kwa mwaka mzima. Ukitaka kuanza kabla ya hapo, usichukue mtoto. Chukua mbwa mzima mwenye kadi inayoonyesha chanjo ya mseto, yenye tarehe na ile karatasi ndogo ya chupa iliyobandikwa. Au mwache mtoto kwa aliyemzalisha mpaka amalize dozi ya wiki ya 16, ulipie chakula chake, kisha umfuate wiki mbili baadaye.

Mchangiaji (Pasua, Moshi)

Nimempigia simu mfugaji mmoja wa Machame leo jioni. Ana jike wa wiki kumi ambaye amekubali kunitunzia. Dozi ya pili ni Jumamosi, na nitapanda mwenyewe nikaone chanjo ikitolewa kwenye friji.